Kutunza Kumbukumbu za Stesheni Zetu Ndogo za Reli

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Mwaka jana nilisimama hapa kuwasomea hesabu za chama, nikawaona baadhi yenu mkisinzia. Sikuwalaumu, kwa kuwa hata mimi nilipokuwa nikiziandika nilisinzia. Leo sikuja na hesabu, ila mwisho wa maneno yangu mna ombi la fedha, basi nawasihi mvumilie mpaka huko.

Kamati imenitaka niseme juu ya reli ya zamani iliyopita katika nchi yetu, na juu ya vitu vyake na habari zake zinazopotea. Reli ninayoitaja ni ile nyembamba, yenye upana wa mita moja, iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Habari za reli yote, maili 582, zimeandikwa katika vitabu vingi na watu wenye elimu kunishinda. Mimi nataka kusema juu ya kipande chetu tu, yaani tangu Mtito Andei, kupita Darajani, Masongaleni, Kibwezi, Makindu, Simba, Emali, Sultan Hamud, Kima, Kiu, mpaka Ulu. Mwaka 2017 reli mpya ilipofunguliwa, treni ya abiria ya Nairobi na Mombasa iliyokuwa ikipita katika njia ya zamani iliachwa. Reli mpya imetupa stesheni tatu katika Makueni, nazo ni Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Stesheni nyingine ndogo hazina tena abiria wa kungojea, wala stesheni masta wa kuamkiwa.

Najua ndugu zetu wa Kitui wananong'onezana kwamba reli si yao. Ni kweli, reli haikukanyaga nchi ya Kitui hata hatua moja, wala ile mpya haikuikanyaga. Lakini watu wa Kitui waliikanyaga reli. Babu yangu mzaa baba alikuwa mtu wa upande wa Ikutha. Siku hizi mtu hupanda gari pale akashika barabara ya lami mpaka Kibwezi, lakini zamani zile yeye na wenziwe walikwenda kwa miguu, wakauvuka Mto Athi kwa kushikana mikono. Mto ukijaa walilala ng'ambo siku mbili tatu, na pengine walipofika Kibwezi waliambiwa nafasi za kazi zimekwisha. Safari ya pili babu alibahatika, akaandikwa katika gengi ya kutengeneza njia. Alifanya kazi hiyo katika miaka ya East African Railways and Harbours, akaendelea nayo jina la kampuni lilipobadilika, akastaafu chini ya Kenya Railways. Muda mwingi alikaa katika nyumba za landi karibu na Masongaleni. Kila mwezi alituma fedha nyumbani, na kwa fedha hizo baba yangu alisoma, nami kwa sababu ya baba nikasomeshwa shule ya sekondari ya misheni. Kwa hiyo mkiniona nimesimama hapa na karatasi mkononi, jueni kwamba karatasi hii ilianza na nyundo na mataruma.

Sasa nina jambo la kuungama, na afadhali niliseme mapema.

Babu alipostaafu alirudi nyumbani na sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na koti lenye vifungo vya shaba, filimbi, bendera mbili, nyekundu na ya kijani, karatasi zake za kazi, na taa ya mkono ya mafuta yenye vioo vya rangi. Alifariki nilipokuwa kidato cha tatu. Likizo iliyofuata akapita mnunuzi wa vyuma vikuukuu na mizani yake. Nilikusanya jembe lililovunjika, sufuria zilizotoboka, na ile taa, nikamwuzia vyote kwa kilo. Fedha niliyopata ilinunua kandambili na mkate mmoja.

Bibi hakusema neno mchana ule. Jioni aliniuliza taa iko wapi. Nilipomweleza alinyamaza kwa muda mrefu, halafu akaniambia kwamba kwa taa ile, usiku mmoja wa mvua kubwa, babu alisimamisha gari la moshi mahali ambapo maji yalikuwa yamelila tuta la reli. Sikupata kulisikia jambo hilo hata siku moja. Babu hakuwa mtu wa kujisifu, alimweleza mkewe tu. Nikamwuliza bibi, mwaka gani? Hajui. Daraja lipi? Hajui. Nani mwingine alikuwapo? Alitaja jina la mnyapara mmoja ambaye naye alikuwa amekwisha kufa. Basi katika siku moja nilipoteza taa, na nikatambua kwamba habari yake ilikuwa imepotea kabla yake. Ndiyo maana nilipoombwa kusema leo sikukataa.

Tutazame sasa ni mambo gani ya kipande chetu ambayo ulimwengu umeyatunza. Mjini Nairobi kuna Jumba la Makumbusho ya Reli, lililofunguliwa mwaka 1971. Humo utaliona behewa ambalo ndani yake simba alimwua afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, usiku mmoja wa Juni mwaka 1900, pale pale Kima. Ryall alikuwa amekuja na wenzake wawili, Mjerumani na Mwitaliano, ili wamvizie simba huyo, naye zamu ilipomfikia akashikwa na usingizi. (Wako wasemao kwamba jina la Kima limetokana na nyama iliyosagwa, kwa ajili ya mkasa huo. Mimi nadhani huo ni utani wa wasafiri waliojua Kiswahili kidogo.) Ama wale simba wawili wa Tsavo waliowala wajenzi wa daraja, waliuawa na Patterson mwezi wa Desemba mwaka 1898, na ngozi zao aliziuza mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho la Chicago, huko Marekani. Ziko huko hadi leo, zimejazwa na kusimamishwa kama simba walio hai.

Sina ugomvi na makumbusho hayo, na nawashauri wazazi wawapeleke watoto Nairobi wakayaone. Wataona pia zile injini kubwa za aina ya 59 zilizopewa majina ya milima ya Afrika ya Mashariki, ambazo wazee hapa waliziona zikipanda kutoka pwani tangu miaka ya 1950. Lakini fikirini. Simba wametunzwa, na mtu aliyeliwa na simba ametunzwa. Mtu aliyekaza misumari ya reli miaka thelathini, juani, bila kuliwa na mnyama yeyote, yuko wapi? Jumba la Nairobi haliwezi kumtunza, kwa kuwa halimjui. Sisi tunamjua. Yumo katika masanduku ya bati chini ya vitanda vyetu, na katika vichwa vya wazee walioketi safu ya mbele.

Mzee mmoja, ambaye sitamtaja jina kwa heshima, nilimweleza jambo hili miezi michache iliyopita akanikemea. Alisema, "Kijana, reli ilituletea nini hata tuitunzie kumbukumbu?" Akanikumbusha kwamba reli ilipita katika nchi yetu wakati wa ile njaa kuu ya mwisho wa karne ya 19, ambayo wazee wetu waliiita Ngomanisye, ndui nayo ikiua watu waliosalia. Akasema kodi ilifuata nyuma ya reli. Tena akataja mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipotaka kupunguza ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu, na kiwanda cha nyama kilikuwa tayari kule Athi River, kando ya njia ya reli. Ndipo Muindi Mbingu alipowaongoza watu wetu kwa mamia, wanaume, wanawake na watoto, wakaenda Nairobi mwezi wa Julai wakaketi huko wiki nyingi kumngojea Gavana. Mwisho ng'ombe waliokamatwa walirudishwa, lakini Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu.

Nilimsikiliza mzee huyo mpaka mwisho, na leo namjibu mbele yenu. Mzee wangu, uliyoyasema yote ni kweli, nami nayataka yaandikwe. Kutunza kumbukumbu si kusifu. Ukimwachia mwingine aitunze habari ya reli, atatunza injini iliyopakwa rangi nzuri, na njaa ataiacha nje. Tukiandika sisi, njaa itakuwamo, na ng'ombe watakuwamo, na yule kibarua aliyepewa tikiti ya daraja la tatu katika gari ambalo njia yake aliitengeneza kwa mikono yake. Humo pia watakuwamo vijana wetu wa K.A.R. waliopandishwa reli kwenda vitani, na hata wale ambao hawakurudi kushuka. Kisha, mzee wangu, sipendi kusahau kwamba kuna mema pia. Akina mama waliosimama chini ya madirisha ya mabehewa na maembe, machungwa na mayai ya kuchemsha katika vyondo, nao walisomesha watoto kwa reli hiyo.

Wengine watasema kazi ya namna hii ni ya watu wenye mali. Sivyo. Tuna mfano hapa hapa Makindu. Masingasinga waliofanya kazi ya reli walijenga hekalu lao mwaka 1926. Stesheni ilipopoa hawakuliacha likaanguka, na hadi leo msafiri wa dini yoyote akiingia pale hupewa chakula bure. Wengi wenu mmekula huko, nami nimekula. Mfano mwingine ni wa mbali. Katika nchi ya Wales kulikuwa na reli ndogo ya shambani iitwayo Talyllyn, iliyojengwa kwa ajili ya kuchukua mawe ya kuezekea nyumba, urefu wake kama maili saba tu. Mwenyewe alifariki mwaka 1950, na ilikuwa karibu kufungwa. Watu wachache walioipenda wakaitana katika mkutano kama huu wetu, na mwaka 1951 wakaanza kuiendesha wenyewe kwa kujitolea. Huo ulikuwa mwanzo wa jambo la namna hiyo ulimwenguni. Sisemi nasi tuendeshe gari la moshi, maana hata basi la chama lilitushinda. Nasema tu kwamba walianza kwa mkutano na daftari.

Basi tunaweza kufanya nini? Kabla ya hayo nitasema tusilolifanya. Asitokee mtu kuleta kipande cha reli, wala taruma, wala parafujo, akasema ni kumbukumbu. Vyuma vya njia ni mali ya Shirika la Reli, hata njia ikiwa imeota majani. Mnakumbuka kwamba mwanzoni mwa mwaka 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu kwa miezi kadhaa, kwa sababu watu walikuwa wakibomoa nguzo za umeme na njia za reli. Tusianzishe makumbusho yatakayotufikisha kortini. Najua pia kwamba baadhi ya shule na makanisa yetu yana kipande cha reli kilichotundikwa mtini badala ya kengele. Kwa hivyo vya zamani nashauri walimu wakuu na wazee wa kanisa waandike barua kwa Shirika waombe ruhusa ya kubaki navyo. Nitawasaidia kuziandika barua hizo, bila malipo.

Vitu vinavyofaa ni vile ambavyo mtu alipewa au alinunua, navyo ni vidogo. Taa, filimbi, bendera, kofia, beji, vifungo vya koti, tikiti ngumu za karatasi, pasi za safari, picha, vyeti vya kazi, hata barua za kuonywa kazini. Mama mmoja alitaka kunificha barua ya mumewe aliyokatwa mshahara kwa kuchelewa. Nilimwambia hiyo ndiyo yenye thamani kuliko picha yake ya arusi, kwa kuwa imeandikwa tarehe, jina la stesheni, na mshahara wenyewe. Alicheka, akanipa niinakili.

Ukiwa na kitu chenye chapa, itazame sana, kwa kuwa herufi zake zitakuambia umri wake. Herufi U.R. ni za Uganda Railway, jina la kwanza kabisa. Tangu mwaka 1926 liliingia jina la Kenya na Uganda, na herufi zikawa K.U.R., baadaye zikaongezwa H. kwa sababu ya bandari. Mwaka 1948 reli ya Tanganyika iliunganishwa na hiyo, ndipo zikaja E.A.R. & H. Bandari zilipotengwa mwaka 1969 zikabaki E.A.R., na jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 reli yetu ikawa Kenya Railways. Taa niliyoiuza ilikuwa na E.A.R. & H. Nilikuwa nazisoma kila siku nikiisafisha, lakini sikujua kwamba zina maana.

Vitu hivyo visitoke katika nyumba za wenyewe. Nasema hivi kwa mkazo, kwa maana najua wako wanaohofu kwamba chama kitawanyang'anya urithi wao. Chama kitakuwa na daftari tu. Ndani yake tutaandika kitu ni nini, kina chapa gani, kilikuwa cha nani, kiko kwa nani sasa, na kitapigwa picha. Mwenye kutaka kukitoa kabisa tutampokea na kumwandikia hati, kisha kitakaa katika kabati la bati lenye kufuli hapa ofisini. Hilo kabati ndilo ombi la fedha nililolitaja. Kamati imepata bei ya fundi, Sh. 18,000. Mweka Hazina ameniambia kwamba fedha hiyo haitagusa mfuko wa mazishi wala wa karo, nami nalisema wazi ili pasiwe na minong'ono baada ya chai.

Lakini kuliko vitu, wazee wenyewe. Simu hizi tunazobeba zinaweza kunasa sauti ya mtu kwa saa nzima, nasi tunazitumia kunasa mambo ya upuuzi. Nawaomba vijana, kila mmoja amwendee mzee mmoja. Msimwulize, "Tueleze historia ya reli," maana atawaambia yale aliyoyasikia katika redio. Mwulizeni mambo madogo. Alilala na nani katika chumba cha landi? Mnyapara alikuwa nani, na alipenda rushwa gani? Posho ilikuwa nini, na mama aliipikaje? Njia ilikuwa moja tu, basi gari likitoka Simba, Emali walijuaje lisije likakutana na jingine? Hapo utamwona mzee anaketi wima, ataanza kukuonyesha kwa mikono jinsi stesheni masta alivyouliza stesheni ya mbele kabla ya kumpa dereva kibali cha njia. Mwulizeni pia majina ya mahali. Sultan Hamud limebeba jina la Sultani wa Zanzibar, Hamud bin Mohamed, aliyetawala tangu 1896 mpaka 1902. Makindu ni jina la mikindu. Lakini babu alizitaja landi kwa nambari za maili, na kila gengi ilikuwa na jina lake la utani, na hayo hayamo katika ramani yoyote.

Waulizeni na akina bibi, hasa wale waliolala landi wakingoja waume zao warudi kutoka njiani usiku. Nimewapitia wazee kumi na mmoja hadi sasa. Wanne kati yao wamekwisha kufariki, na wawili niliwaendea nikiwa nimechelewa, nikaketi nao wakanitazama tu.

Kwa wale watakaotaka kuchimba karatasi, yaani watoto wenu walio vyuo vikuu, napenda kuwapa shauri moja litakalowaokoa siku nyingi. Katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Nairobi wasiyatafute mambo ya zamani chini ya jina la Makueni. Makueni ilitengwa na Machakos mwaka 1992, kwa hiyo mafaili ya nyuma yamo chini ya Machakos. Ya Kitui yamo chini ya Kitui.

Bwana Mwenyekiti, nimekwisha. Daftari liko pale nyuma, juu ya meza ya chai, nami nitaketi hapo mpaka jua litue. Asiyependa kuandika aseme tu, nami nitaandika. Mstari wa kwanza nimeujaza mwenyewe: taa ya mkono, E.A.R. & H., vioo vyekundu na vya kijani, mpini umekunjika upande mmoja, iliuzwa Ikutha kwa mnunuzi wa vyuma. Pahali pa kuandika iko kwa nani sasa nimepaacha wazi. Mwenye kuiona anijulishe, nitairudisha gharama yake.